Tupeane uzoefu: mazoezi yalibadilisha nini kwenye vipimo vyako vya kolesteroli?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, miezi 8 iliyopita nilipimwa mafuta kwenye damu nikakutwa na trigliseridi 2.9, kolesteroli mbaya (LDL) 4.2 na kolesteroli nzuri (HDL) 0.9, zote kwa milimoli kwa lita. Daktari alinitaka nitembee kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, yaani zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Nilitii, na mwendo niliupima kwa pumzi: niweze kuzungumza, nisiweze kuimba. Juzi nilipopimwa tena, trigliseridi zilikuwa 1.8 na HDL 1.1, lakini LDL ilikuwa bado 4.0, na nakiri kwamba imenivunja moyo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani kila alfajiri. Aliyepitia hali hii naomba atueleze yaliyomkuta.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole, ndugu yangu, ingawa majibu yako ni mazuri kuliko unavyoyaona. Mimi pia nilishangaa hivyo hivyo, hadi muuguzi aliponifafanulia kwamba msuli unaofanya kazi huongeza kimeng'enya kinachovunja trigliseridi za kwenye damu ili zitumike kuupa nguvu, ndiyo maana hizo hushuka mapema, ilhali LDL huondolewa zaidi na ini, nayo huitikia chakula na dawa kuliko mazoezi. Yangu ilianza kusogea nilipopunguza mafuta ya wanyama. Lakini usipumzike kwa muda mrefu: niliumia goti, nikakaa miezi 2 bila mazoezi, na trigliseridi zikarudi karibu na zilipokuwa mwanzo.

Mchangiaji wa pili:
Kwetu LDL ya juu ni ya kurithi. Marehemu baba alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 46. Nilianza kukimbia pamoja na kumeza statini, dawa za kushusha kolesteroli, na baada ya mwaka mmoja, kwa kuwa mwili ulikuwa mwepesi na usingizi mtamu, nikaziacha dawa bila kumwuliza daktari. LDL ilipanda upya ingawa sikuwa nimeacha kukimbia hata wiki moja. Sasa navifanya vyote viwili. Hata hivyo siyadharau mazoezi, kwani shinikizo langu la damu lilishuka kutoka 148/92 hadi 137/85, na mapigo ya moyo nikiwa nimepumzika yakatoka 84 hadi 68 kwa dakika, mambo ambayo kipimo cha kolesteroli hakiyaonyeshi kabisa.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi ni dereva, kwa hiyo utafiti ulionigusa ni ule wa Jerry Morris na wenzake, uliochapishwa mwaka 1953, kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokuwa wameketi. Nilianza na ngazi, na wiki ya pili kifua kikabana kila nilipopanda, kikaachia nilipotulia. Nilisimamisha mazoezi nikaenda kupimwa, na mishipa ya moyo ikakutwa imeanza kuziba. Baada ya matibabu nilirejea taratibu, nikisimamiwa, na leo natembea dakika 40 bila maumivu. Tafadhali, anayebanwa kifua asijikaze hata hatua moja zaidi kabla ya kuonana na daktari.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru sana. Nilikuwa nimekusudia kupunguza siku za kutembea. Badala yake nitaendelea na zote 5, nizungumze na daktari kuhusu chakula na kama nahitaji dawa, kisha nipimwe tena baada ya miezi 3 na kuleta majibu hapa. Mliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito, nanyi HDL yenu ilipanda?