Gumzo la kikundi "Nyumbani Kibosho": Picha ya Bamdogo Stani

Jumapili, 19:38

Godlisten: Shikamooni wakubwa. Naomba mtazame hizi picha mbili halafu mniambie kama macho yangu yananidanganya.

Godlisten: 📷

Godlisten: 📷

Mama Godi: Marahaba mwanangu. Huyu si Stani na kofia yake ya kufumwa?

Godlisten: Ndiye mama. Kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, Februari 2024, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, jua linachomoza nyuma ya Mawenzi. Nilipiga mimi kwa simu yangu, vidole vimeshakufa ganzi. Nikaiweka Instagram, jina langu pale chini kulia. Hiyo ya pili nimeikuta leo kwenye tovuti ya kampuni moja ya kupandisha wageni. Wamekata upande wenye jina.

Stani: Na chini yake wameandika Kizungu kwamba mimi ni mpagazi wao. Sijawahi kubeba mzigo wa hao watu hata siku moja.

Mama Godi: Yesu wangu.

Filbert: Aisee mangi, pole. Mnajua hii ndiyo habari ya dunia nzima sasa hivi. Kampuni ya akili mnemba huko Marekani imebanwa ilipe dola bilioni 1.5 kwa kuiba vitabu vya watu. Bilioni, siyo milioni.

Felista: Poleni sana wote wawili. Ila Godi, uliiweka mwenyewe mtandaoni. Kitu ukishakimwaga barabarani watu wanaokota.

Neema: Shikamoo shangazi. Hapo nakukatalia kwa heshima zote. Kuweka hadharani siyo kugawa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema kazi inalindwa kwa sababu tu umeitengeneza. Godi alipobonyeza ile simu pale Barafu, picha ikawa yake, hata kama hakwenda ofisi yoyote. Kusajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kunasaidia ushahidi ukifika kwenye ubishi, lakini siyo ndiko kunakompa umiliki.

Felista: Marahaba mwanangu. Kwa hiyo hata hizi picha tunazorushiana humu zina wenyewe?

Neema: Zina wenyewe, shangazi.

Neema: Na kaka Filbert, ile habari uisome vizuri. Kampuni ni Anthropic. Jaji William Alsup wa San Francisco alisema Juni 2025 kwamba kuifundisha mashine kwa vitabu walivyovinunua kihalali kunaruhusiwa kwa sheria yao. Kilichowakwamisha ni kupakua mamilioni ya nakala za wizi kwenye mitandao na kujiwekea maktaba. Septemba wakakubali kulipa, kama dola 3,000 kwa kila kitabu, vitabu karibu laki tano.

Filbert: Dola 3,000 ni zaidi ya milioni 7 za kwetu. Kwa kitabu kimoja!

Neema: Ndiyo. Ila orodha iliwachukua wale tu ambao vitabu vyao vilisajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Aliyeandika na kukaa kimya, kitabu chake kikachukuliwa vilevile, hakuingia. Ndiyo maana kila siku nampigia Godi kelele kuhusu usajili.

Godlisten: Kelele nazikumbuka dada. Nilidhani ni mambo ya wasanii wa Bongo Fleva.

Stani: Wasanii nao wamepambana. Si ile kesi ya AY na Mwana FA dhidi ya kampuni ya simu ya Tigo? Nyimbo zao ziligeuzwa miito ya simu bila ridhaa. 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikasema walipwe bilioni 2 na zaidi. Kampuni ikakata rufaa, lakini siku ile kijiweni kwetu wapagazi walikuwa wanasomeana gazeti kwa sauti.

20:04

Babu Aloisi: Tumsifu Yesu Kristo.

Mama Godi: Milele amina, baba. Shikamoo.

Stani: Shikamoo baba.

Babu Aloisi: Marahaba wanangu. Nimesoma yote. Naandika polepole, mnisubiri.

Babu Aloisi: Kihamba chetu, shamba la ukoo, na cha jirani vimetenganishwa na mimea ya masale. Hakuna ukuta, hakuna seng'enge. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuvuka. Lakini mtu mzima havuki bila kupiga hodi, na mkungu ulioiva ng'ambo ya masale anaupita kila siku akienda kisimani bila kuugusa. Kuuona kila siku hakujamfanya mwenye shamba. Hao waliochukua picha ya Godlisten waliona masale, ndilo lile jina pale pembeni. Wakayang'oa ndipo wakavuka. Mng'oa masale kwetu alikuwa anaitwa mbele ya wazee.

Godlisten: Asante babu 🙏

Felista: Baba, nimekuelewa, lakini mimi lazima niseme la kwangu, maana mnaongea kama vile sipo. Nakaa kwenye mashine ya fotokopi kuanzia saa mbili asubuhi. Mwanafunzi wa chuo anakuja na kitabu cha maktaba, kurasa mia tatu. Anataka chote. Kwa shilingi 50 ukurasa ni 15,000, nazo amezichanga na mwenzake. Kitabu chenyewe dukani, kama kipo, ni mara nne ya hiyo, na mara nyingi hakipo Moshi yote, aagize Dar. Nimfukuze? Atavuka barabara tu, atatolewa kwa jirani. Na mwisho wa mwezi mwenye fremu anataka kodi yake.

Felista: Sijawahi kujiita mwizi. Nimesomesha watoto watatu kwa ile mashine.

Mama Godi: Hakuna aliyekuita hivyo wifi.

Neema: Hakuna, shangazi. Na sheria inaacha nafasi. Kunukuu, kutumia kipande kufundishia, mtu kujisomea mwenyewe. Kutoa kitabu kizima kwa biashara ndipo penye shida. Lakini nakubali kabisa kwamba vitabu ni ghali na maktaba zetu zina nakala mbili kwa darasa la watu mia. Hilo halikuletwa na wewe.

Filbert: Hata mimi chuo nilisoma kwa fotokopi. Bila steshenari nisingemaliza.

20:21

Babu Aloisi: Felista, kuna jambo sijawahi kulisema nyumbani. Nilisema nalo baba Paroko peke yake, naye ameshatangulia.

Babu Aloisi: 1994 niliandika kijitabu cha Historia kwa kidato cha pili. Kurasa 64. Niliandika kwa mkono usiku, taa ya chemli, marehemu mama yenu akinisomea kwa sauti ili nisikie makosa. Hela yote ya kahawa ya msimu ule niliipeleka kwa mchapaji mjini, akanitolea nakala 500. Ziliuzika tisini na kitu. Mwaka uliofuata nilipelekwa kusimamia mtihani shule moja ya mjini. Nikaingia darasani kabla ya kengele nikakuta watoto wanapitia kijitabu changu. Darasa zima. Karatasi za fotokopi, pini mbili. Ukurasa wa kwanza wenye jina langu haukuwepo.

Babu Aloisi: Nilifurahi kuona wanasoma, hilo ni la kweli. Halafu nikapanda gari la kurudi Kibosho nikakaa dirishani ili mtu asinione uso. Hela iliniuma. Ule ukurasa wa kwanza uliniuma zaidi. Mtoto mmoja nilimuuliza nani ameandika, akaniambia hakijaandikwa na mtu mwalimu, ni cha steshenari.

Mama Godi: Baba 😢

Stani: Zile boksi za juu ya dari kumbe ndizo hizo. Sisi tulikuwa tunakatazwa kuzigusa.

Babu Aloisi: Ndizo. Sikuandika tena.

Neema: Babu, ulikuwa na kitabu cha pili?

Babu Aloisi: Nilikuwa nimeanza cha kidato cha tatu. Kipo kwenye daftari kubwa la kijani. Nilifika vita vya Mangi Meli, mtawala wa Moshi, na Wajerumani nikaweka kalamu chini.

20:33

Filbert: Mimi nasema hivi, Serikali ikaze tu. Wenye tovuti na kurasa zote wasajiliwe, anayeiba picha au kitabu afungiwe mtandao kabisa. Watu watashika adabu.

Godlisten: Kaka hapo sipo na wewe kabisa. Mwizi wa picha yangu ni kampuni iliyosajiliwa, ina leseni na ofisi yenye kapeti. Usajili haujamzuia.

Felista: Na mimi nimeona lile la 2018. Zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa leseni, ada zote zikijumlishwa zilipita milioni 2. Kuna kijana alikuwa anakuja kwangu jioni kutumia kompyuta, anaandika habari za mpira wa huku Kilimanjaro, timu ambazo hata redio haziwataji. Akapiga hesabu pale pale kaunta, akafunga blogu. Hakuwa ameiba kitu cha mtu.

Godlisten: Halafu ukimpa mtu rungu la kufunga, hachagui. Mtandao wa X ulifungiwa Mei 2025. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima, siku zikapita. Nilikuwa na wageni wanne mlimani, njia ya Machame. Tulishuka getini, mmoja wao mama yake alikuwa hospitali huko Ujerumani, anashika simu anaitazama tu. Mimi sina cha kumwambia. Ofisini kwetu waliokuwa wanaulizia safari ya Desemba walituandikia hawakujibiwa, wakaenda kupanda milima mingine. Hiyo ni mishahara ya wapagazi, kaka.

Stani: Mimi nilikosa safari mbili.

Babu Aloisi: Filbert, wewe ulikulia Arusha, mifongo, mifereji yetu ya maji, hukuiona ikifanya kazi. Maji yanatoka juu msituni, yanapita kihamba hadi kihamba, kila nyumba ina zamu. Akatokea mtu anafungulia usiku zamu isiyo yake. Wazee wa mfongo walimwita yeye, wakamtoza pombe ya mbege na siku za kuzibua mfereji. Hawakwenda kuziba maji kule juu ili ukoo mzima ukauke.

Filbert: Shikamoo babu. Hapo sina neno. Nilikuwa naongea kwa hasira ya picha.

Babu Aloisi: Marahaba. Hasira yako naipenda, ielekeze kwa aliyevunja zamu.

20:47

Neema: Sasa tufanye kazi. Godi, picha ya asili bado unayo? Siyo ya Instagram. Ile yenyewe kutoka kwenye simu.

Godlisten: Ipo kwenye memori kadi. Simu ilikufa, kadi ikapona.

Neema: Safi sana. Usiihariri, usiipunguze. Faili la asili linabeba tarehe, saa na aina ya simu iliyopiga. Itume kwangu kama dokumenti, siyo kama picha, maana WhatsApp inaibana na hizo taarifa zinapotea.

Godlisten: 📎

Stani: Ngojeni. Hebu ikuzeni hiyo ya asili upande wa kulia.

Stani: Mnaona ndoo ya bluu? Na mguu wenye buti lililofungwa kamba ya katani? Ndoo ni yetu ya maji ya jikoni, nilichora S kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Huo mguu ni wa mpishi wetu. Kwenye ya kwao, picha inaishia begani kwangu.

Mama Godi: S naiona! Nyekundu!

Neema: Bamdogo, hiyo ndiyo kesi. Waliyokata, sisi tunayo. Hawawezi kuonyesha ndoo ambayo hawana.

Neema: Utaratibu ni huu. Kwanza piga skrinishoti ya ukurasa wao wote, anwani ya tovuti na tarehe vionekane. Fanya leo, kabla hawajaishusha. Pili, uwaandikie kistaarabu: picha ni yangu, huyu ni baba yangu mdogo, hajawahi kufanya kazi kwenu, nataka malipo ya matumizi na jina lirudi, au muitoe, na maelezo ya uongo kuhusu yeye yatoke kwa vyovyote vile. Wape siku 14. Wasipojibu, nimeangalia, tovuti yao imehifadhiwa kwenye seva za kampuni ya Marekani. Kule kuna sheria ya 1998 inaitwa DMCA, unaiandikia kampuni inayohifadhi tovuti iitoe picha, na kutuma hakuna malipo. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1994, kwa hiyo kazi ya Mtanzania inaheshimiwa huko pia.

Babu Aloisi: 1994. Mwaka uleule.

Neema: Mwaka uleule babu.

Stani: Mimi malipo waongee na Godi. Mimi nataka yale maneno yatoke. Mtu anayenijua akiona atadhani niliacha kampuni iliyonilea miaka kumi na moja.

Godlisten: Hilo naliandika la kwanza bamdogo. Kabla ya hela.

21:26

Godlisten: Nimetuma. Neema amepitia, ameondoa sentensi mbili za hasira.

Mama Godi: Mungu akutangulie.

Felista: Nimekaa nasoma ya baba tangu saa ile. Baba, kuna nakala hata moja ambayo panya hawajaigusa?

Babu Aloisi: Boksi la chini nililifunga kwa nailoni. Huenda.

Felista: Jumamosi nafunga duka saa sita, nakuja. Naomba ruhusa yako nikichape upya kwenye kompyuta, ukurasa wa kwanza ukiwa na jina lako. Kila nakala nitakayotoa, fedha yako naiandika kwenye daftari, nakuletea mwisho wa mwezi. Na lile daftari la kijani nalitaka, kama utakubali.

Felista: Vya wengine bado sijajua nifanye nini. Wiki hii vitabu vizima sitoi, nitatoa sura wanazohitaji. Nitaona kodi itakuwaje.

Babu Aloisi: Ruhusa unayo, mwanangu. La kijani uniachie kwanza, nataka nimalize ya Mangi Meli. Na umlete Stani, ngazi iko nyuma ya zizi, mimi magoti hayapandi.

Stani: Nitakuwepo baba.