Binamu yangu kaenguliwa nusu fainali kwa pauni 3. Hii ni haki kweli?

Mtanga_wa_Texas

Wakuu habari zenu. Nimekuja na donge rohoni, nivumilieni.

Niko Texas mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni ya ghala, ila wikiendi mimi ni fundi, mpishi na mbeba maji wa timu ya mtu mmoja: binamu yangu, tuliyekua naye nyumba moja Ngamiani, Tanga. Anakimbiza pikipiki ya Suzuki GSX-R1000 kwenye dragi, mbio za wawili wawili za robo maili, yaani mita 402 za lami iliyonyooka. Sisi si watu wa kulipwa. Zawadi ikipatikana inaishia kwenye tairi. Daraja letu linataka pikipiki na mwendeshaji kwa pamoja wasipungue uzito wa pauni 620.

Juzi Jumapili tuko nusu fainali. Taa zikawaka, kijana akachomoka vizuri, akashinda kwa elfu 11 za sekunde, yaani sekunde 0.011. Nilikimbia nikishangilia hadi kandambili moja ikabaki njiani. Kufika kwenye mizani: 617. Mkaguzi akasema tushuke, akaiweka sawa, tukapanda tena: 617. Akaandika, akatupa pole, akamwita yule tuliyemshinda aende fainali.

Pauni tatu! Haifiki hata kilo moja na nusu. Na Jumamosi nzima hatukuitwa kwenye mizani hata mara moja. Februari tulijipima gereji tukapata 624, na tangu siku hiyo hatujagusa chochote kwenye pikipiki. Mimi naona mizani yao ina kasoro, na barua ya malalamiko nimeshaianza. Mnashaurije?

kipande_cha_lami

Hiyo ni kama bao kukataliwa kwa kucha ya kidole gumba. Malizia barua mkuu, usiwaachie.

Babu_Klachi

Mwanangu, weka kalamu chini kwanza.

Nimeshika spana kwenye timu ndogo za dragi huku Marekani miaka 14, mpaka mgongo ulipogoma. Kwenye mizani nimeona watu wazima wanalia, na mara moja mliaji nilikuwa mimi. Uvumilivu haupo. Ukikubali pauni 3, wiki ijayo kila mtu atakuja akiwa na upungufu wa pauni 3, halafu atatokea wa pauni 4 aseme ameonewa.

Hata wakubwa wa NHRA, chama cha mbio za dragi huku, wanapita humo humo. Gari la daraja la Pro Stock halitakiwi kupungua pauni 2,350 pamoja na dereva wake, na wanapimwa baada ya kukimbia. Ukiwa mwepesi kwenye mbio za kufuzu, muda wako unafutwa kana kwamba hukukimbia. Ukiwa mwepesi siku ya mtoano, unafunga virago.

Shika hapo kwenye "baada ya kukimbia", maana ndipo wengi tunapoumia. Chukua magari ya Top Fuel, yale marefu yanayokunywa nitromethane. Safari moja, ukijumlisha na kuchoma tairi (kuizungusha kabla ya kuanza ili ipate joto), inakula zaidi ya galoni 10 za mafuta. Galoni moja ya nitro ina kilo 4 na ushee. Yaani gari linaondoka na uzito mmoja, linarudi limepungua kilo 40 na zaidi, na hapo hujahesabu klachi iliyogeuka vumbi na mpira ulioachwa barabarani. Fundi wao lazima apige hesabu ya gari litakavyokuwa likirudi. Hilo linaloondoka halimsaidii kitu.

Mimi nililia hivi. Tulikuwa na gari la methanoli, mkuu wetu akabadilisha gurudumu la klachi kati ya raundi mbili, akaweka jepesi zaidi. Kazi ya vipande vya risasi vya kuongezea uzito ilikuwa yangu (risasi ya kwenye betri, msinifikirie vibaya). Hakuniambia, nami sikuuliza. Tukashinda, tukapimwa, tukarudi nyumbani maili 300 hakuna anayemsemesha mwenzake.

Sasa nijibu. Alipanda mizani na helmeti kichwani? Hiyo peke yake ni pauni 3. Februari mlijipimia mizani gani? Na kati ya Februari na juzi kulipita nini?

Mtanga_wa_Texas

Shikamoo mzee. Helmeti alikuwa nayo, hilo nililisimamia mwenyewe. Glavu alizivua, alinipa mimi, nikazitia mfukoni. Glavu zina uzito gani lakini?

Mizani ya Februari ni ile ya bafuni, mbili, moja chini ya kila tairi, mwendeshaji amekaa juu. Sakafu ya gereji ina mteremko kidogo wa kutolea maji.

Kati ya Februari na juzi hakukupita kitu mzee. Kazi, baridi, Ramadhani, Idi, basi.

Babu_Klachi

Marahaba. Hebu ulisome tena jibu lako la mwisho, polepole.

Mtanga_wa_Texas

Ya Rabi.

Mtanga_wa_Texas

Nimempigia sasa hivi. Kapanda mizani: amepungua kilo 2 na robo tangu Februari. Hiyo ni karibu pauni 5! Kijana anafunga, anatoka kazini saa kumi na moja, akifuturu tende mbili na uji anaingia gereji. Na siku ya Idi mama yake alisema kwenye simu ya video, "Mwanangu mbona umekonda hivyo?" Sote tukacheka.

Nilikuwa napima chuma, mtu nikamsahau.

mwalimu_wa_fizikia

Naomba niingie na hesabu, maana naona inafungana.

624 toa 5 za mwezi mtukufu, inabaki 619, tayari mko chini ya kikomo kabla hata ya kuwasha. Petroli ya safari moja, pamoja na kusubiri foleni na kuchoma tairi, tuseme pauni moja. 618. Iliyobaki ni glavu zilizokuwa mfukoni mwako na zile mizani za bafuni kwenye mteremko. Mizani ya uwanja haina kosa, kaka.

Ila kilichonivutia zaidi ni kile cha elfu 11. Wa magari ya kawaida wana kipimo cha kukadiria, kwamba pauni 100 ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye robo maili. Kwa kitu chepesi kama pikipiki yenu hicho hakifai. Tumia kanuni ya zamani: muda hufuata kipeuo cha tatu cha uzito ukigawanya kwa nguvu ya injini. Pauni 3 katika 617 ni kama nusu ya asilimia moja. Gawanya kwa tatu, unapata asilimia 0.16. Binamu anakimbia sekunde ngapi?

Mtanga_wa_Texas

8.9 na kidogo.

mwalimu_wa_fizikia

Basi ni kama elfu 14 za sekunde. Mlishinda kwa elfu 11. Sisemi mngeshindwa, kuna kuwahi taa na mengine, na kanuni yenyewe ni ya makadirio. Lakini yule jamaa aliyeitwa fainali hakupewa sadaka.

kipande_cha_lami

Nafuta ushauri wangu wa barua.

Ila swali la kijinga: kwa nini mtu azuiwe kuwa mwepesi? Si ndio ufundi wenyewe?

Babu_Klachi

Si la kijinga. Ukiondoa kikomo, mwenye hela ananunua titani na kaboni kila mahali, na asiye na hela anatoboa matundu kwenye vyuma vinavyomshika uhai. Nimewahi kuona mabano ya injini yaliyotobolewa mpaka yakafanana na chujio la nazi. Kikomo kinamwambia huyo wa pili: acha, hutapata faida.

paddoki_ya_Pwani

Mimi wa Formula 1, dragi siijui, ila kilo moja na nusu imenikumbusha Spa, Julai 2024. George Russell kashinda Ubelgiji kwa kubadilisha tairi mara moja tu, wakati wenzake wa mbele wanabadilisha mara mbili. Kashangilia jukwaani, kashika kombe. Mafuta yakanyonywa, gari likapimwa: kilo 796.5, kikomo kilikuwa 798. Akaenguliwa, ushindi ukaenda kwa Hamilton, timu moja naye. Tairi zile zilizoenda safari ndefu zilikuwa zimelika. Na Machi 2025 kule Shanghai Leclerc na Gasly wote wawili walitolewa, 799 badala ya 800. Kwa hiyo nyie mko kwenye kundi zuri.

Na mkitaka kituko, mwaka 1984 timu ya Tyrrell walifutwa msimu mzima. Mojawapo ya tuhuma ilikuwa ni maji yenye vipira vya risasi ndani, yanajazwa tangini karibu na mwisho wa mbio ili gari lifike kwenye mizani limeshiba.

Babu_Klachi

Ndiyo maana huku uzito wa nyongeza lazima ufungwe kwa bolti. Mfuko wa mchanga, maji, mawe, vyuma vilivyolala tu, havikubaliki. Kitu kilicholegea kwa mwendo ule kikikutoka, kinamkuta wa nyuma.

Mtanga, sikiliza. Safari ijayo mkifika, kabla ya kupanga hema, peleka pikipiki kwenye mizani ya uwanja na uombe kujipima. Wengi wanakubali. Apande amevaa kila kitu, glavu zikiwemo, tangi likiwa na mafuta kiasi kile kile kinachobaki baada ya kukimbia. Hiyo mizani ndiyo kadhi wenu, ya bafuni iacheni bafuni. Jiwekeeni pauni 4 juu ya kikomo, si zaidi, msije mkabeba mzigo wa bure.

Mtanga_wa_Texas

Nimeshafanya nusu yake. Jana tumekata kipande cha risasi cha pauni 7, tumekitoboa matundu mawili. Shida ni pa kukifunga. Binamu anataka nyuma chini ya kiti, kwamba tairi ishike vizuri. Mimi naogopa isije ikainua pua.

Babu_Klachi

Mbele na chini, karibu na injini, mbele ya sufuria ya oili kama pana nafasi. Pikipiki hiyo tayari inataka kusimamia tairi la nyuma ikichomoka. Ukiweka nyuma, atalazimika kupunguza gesi mita 20 za kwanza, na elfu 14 zako zote zimekwenda. Bolti ziwe nene, nati za kujifunga, na upige rangi alama ujue kama imelegea.

Na mwambie mama yake kijana anakula.

Mtanga_wa_Texas

Ameshatuma watu waje na halua. Nimewaambia waipime kwanza.