Tupeane uzoefu: Ulipangiwa kituo ambacho kila mtu alikutisha nacho. Ikawaje?

Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nimerudia kuangalia komedi ya Kifaransa ya mwaka 2008, Bienvenue chez les Ch'tis (yaani "Karibu kwa Wach'ti", jina la watu wa kaskazini ya Ufaransa), ya Dany Boon. Kwa ambao hawajaiona: Philippe Abrams ni meneja wa posta huko Salon-de-Provence, kusini kwenye jua. Mkewe, Julie, hana raha, anataka wahamie pwani ya Mediterania. Nafasi ya kwanza jamaa anaikosa kwa sababu mwenye ulemavu anapewa kipaumbele. Ya pili ilipotokea, naye akajifanya mlemavu, kiti cha magurudumu na kila kitu, mpaka mkaguzi akamuumbua. Adhabu yake ni miaka miwili Bergues, kule juu kabisa karibu na Dunkerque. Watumishi wa umma hapa hawahitaji maelezo zaidi.

Jinsi anavyoagwa ungedhani anapelekwa kuzikwa. Njiani trafiki anamsimamisha kwa kuendesha polepole mno barabara kuu, lakini akisikia jamaa amehamishiwa kaskazini anamwonea huruma, anamwachia. Akivuka tu kibao cha mkoa, mvua hiyo! Usiku huohuo anakutana na Antoine, mpeleka barua wake, anayeigizwa na Dany Boon mwenyewe. Antoine akifungua mdomo, bosi anadhani kaumia taya. Kumbe ndivyo wanavyoongea.

Kwamba Philippe atabadilika unajua mapema, hilo halina ubishi. Kilichonifanya nirudie ni sehemu nyingine. Anampigia mkewe simu kumwambia watu wa huku ni wakarimu, mke hasadiki. Anaona mumewe anaficha mateso ili asimtie wasiwasi. Jamaa akiona ukweli haununuliwi, anaanza kumpa anachotaka: ndiyo, ni balaa, nateseka. Basi ndoa inachanua! Kila akirudi kwa mapumziko anapokelewa kama katoka vitani. Uongo unakua mpaka mke anasema anakuja kukaa naye, na hapo wafanyakazi wa posta inabidi wajifanye walevi na washenzi, kwenye mtaa wa zamani wa wachimba makaa unaopewa jina la Bergues kwa muda.

Mimi nilipangiwa Sumbawanga. Kwetu Tanga nilisomewa dua, shangazi akanionya nisigombane na mtu nitapigwa radi. Nilichokikuta ni baridi ambayo hakuna aliyenitajia, mahindi yasiyoisha, na migebuka ya Ziwa Tanganyika ambayo nikiila siongei na mtu. Sasa hapa ndipo ninapofanana na Philippe. Kikao cha ukoo kiliamua nisidaiwe michango ya harusi, "mtoto yuko Rukwa, tusimsumbue." Mngekuwa mimi mngewaambia kwamba naishi vizuri?

Karibuni. Ulipelekwa wapi, ulitishwa nini, na nyumbani uliwaambia nini?

Msafiri Kafiri

Hahahaa hiyo ya michango nimecheka hadi konda kageuka. Naweka kambi hapa.

Nesi wa Zamu

Mimi Mchaga wa Machame, nikapangiwa zahanati Liwale, Lindi. Orodha niliyopewa nyumbani: simba, majini, wavivu, na nisiache nguo usiku kwenye kamba. Baba alitaka niache kazi.

Ila mleta uzi, umesahau upande wa pili. Na wao walikuwa na yao kuhusu mimi. Nilijiunga na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Kile kisanduku kilikuwa na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kama kawaida. Nikagundua kila nikikaa karibu nacho, mama mmoja anahamia upande wangu. Anakuja na ukili wake, anasuka taratibu, anazungumza na mimi vizuri kabisa, mkono mmoja juu ya kifuniko. Nilidhani ananipenda. Baadaye binti yake ndiye akaniambia: "Dada nesi, mama anasema Mchaga na hela hawaachwi peke yao."

Msimu wa korosho uliofuata pesa ziliingia nyingi, ikabidi wachague mweka hazina mpya. Yule yule mama akasimama akanipendekeza mimi. Sababu? "Wachaga wanajua pesa." Nikashukuru nikakaa. Ubaguzi wenyewe ulikuwa uleule, umepandishwa cheo tu.

Kalamu Nyekundu

Nesi umeniua. "Mkono mmoja juu ya kifuniko."

Mwalimu wa Jua Kali

Hamjambo, mimi ni Mkenya, mnipokee. Nyumbani ni Nyeri, nilitumwa kufundisha Lodwar, kaunti ya Turkana. Nilipopata barua, mjomba wangu ambaye hajawahi kupita Nakuru alinieleza Turkana nzima kwa kirefu. Njia ya kutoka Kitale wakati huo ilikuwa mbaya, na pale Kainuk majambazi walikuwa wanashambulia magari kweli, hiyo siwezi kuiita propaganda. Nilifika nikiwa nimebana mkoba kifuani, na mama niliyekaa naye kwenye basi, ambaye hatukuelewana hata neno, alikuwa amenipa maji yake njia nzima.

Sasa sikizeni. Likizo ya kwanza nilirudi nikawaambia ninapenda kazi, wanafunzi wanasoma kwa bidii, wazee wananiheshimu. Nilionyesha kikapu cha mkoma nilichonunua kwa kina mama wa huko, kizuri ajabu. Mama alikishika kwa vidole viwili. Jioni nikaona wanawake wa kanisa wanaingia mmoja mmoja. Kumbe nimeitiwa kesha la maombi, kwa vile roho ya jangwani imenishika akili! Niliombewa mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo nikipiga simu naanza na nge, halafu joto, halafu vumbi. Mama husema "pole mwanangu," na sauti yake imetulia kabisa. Kwa hiyo huyo Julie wa filamu mimi ninamjua, amenizaa.

Mtoto wa Kivu

Salamu kwenu ndugu zangu, mimi ni wa Bukavu ila naishi Roubaix, huko huko kaskazini mnakokusemea. Nilikuwa Marseille kwanza. Nilipopata kazi ya ghala la vifurushi huku, Wakongo wenzangu wa Marseille waliniaga kama mtu wa filamu: mvua, ulevi, hakuna kazi, utarudi. Wenyewe wanabaguliwa kule kusini kila siku, lakini kaskazini walikuwa na ruhusa ya kuicheka.

Niwaongezee mambo. Kwanza, filamu ilionyeshwa huku wiki nzima kabla ya Ufaransa yote, Februari 20, 2008. Mwishowe iliuza tiketi zaidi ya milioni 20, ikaipita La Grande Vadrouille ya 1966 iliyokuwa na rekodi ya filamu za Kifaransa kwa miaka zaidi ya 40. Bergues ikajaa watalii. Ila wajuzi watakwambia lafudhi ile ni ya Kipikadi, ya watu wa migodini, na Bergues ni upande wa Waflemi. Ni kama kumpeleka mtu Bukavu umtafutie Waluba.

Pili, na hili linauma. Machi 29, 2008, mwezi mmoja baada ya filamu kutoka, ilichezwa fainali ya Kombe la Ligi kati ya PSG ya Paris na Lens ya huku kaskazini, Stade de France, rais wa nchi amekaa jukwaani. Mashabiki wa PSG wakakunjua bango refu likiwaita watu wa huku wabaka watoto, wasio na kazi, waliozaliana ndugu kwa ndugu, na kwa kumalizia wakaandika jina la filamu. Mamilioni walikwisha kuiona. Walicheka, wakalia kidogo, wakaenda mpirani.

Uzoefu wangu mimi? Njooni Lille wikiendi ya kwanza ya Septemba, mnada wa Braderie. Mikahawa inamwaga maganda ya kome mlangoni, kila mmoja unashindana na jirani kwa urefu wa lundo, na harufu yake saa kumi jioni si ya kusimulia. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na ushee, alinishika mkono akanipitisha katikati ya umati ananiita "biloute," neno la kuitana kirafiki, hilo hilo la kwenye filamu. Mpwa wake alitembea nyuma yetu hatua kumi, hajawahi kunisalimu mpaka leo. Wote wawili ni wa kaskazini.

Muha Halisi

Nyuzi hizi sikuzote ni za wanaopelekwa. Sisi tuliozaliwa huko tunakotumiwa kutishia watu, tumekuwa mandhari ya hadithi zenu.

Natoka Kasulu. Ukisema Kigoma, mtu anacheka kwanza halafu anakuuliza uchawi. Huo nauvumilia. Kinachochosha ni ofisini. Nilikwenda kufuatilia kitambulisho, wenzangu kwenye foleni wanaulizwa jina na kata, mimi naulizwa babu alizaliwa wapi, bibi alizikwa wapi, hebu taja shule yako ya msingi, hebu taja mwalimu mkuu. Kwa sababu ya jina langu na mpaka wa Burundi. Karani alikuwa kijana mpole tu, hana matusi. Niliambiwa nirudi na barua ya mtendaji, na Kasulu si Kibaha.

Filamu nimeiona. Kilichoniridhisha ni kwamba aliyeitengeneza ni wa kwao, mzaliwa wa Armentières, na anayechekwa zaidi ni mgeni na hofu zake. Ila angalieni: baba yake Dany Boon ni Mkabili wa Algeria, na Kad Merad anayemwigiza Philippe amezaliwa Algeria. Watu wawili wanaoijua Ufaransa ya ubaguzi wenyewe wametengeneza filamu ya ubaguzi wa lafudhi na hali ya hewa. Sisemi wamekosea. Labda ndiyo maana milioni 20 waliingia.

Kalamu Nyekundu

@Muha Halisi umenifunga mdomo. Endelea ndugu, uzi ni wako pia.

Nesi wa Zamu

@Muha Halisi kwenye zahanati yetu alikuja tabibu Muha, wagonjwa walikuwa wanamkimbilia wakiamini ana dawa za ziada za kwao. Aliwaambia hana, wakazidi kumwamini.

Muha Halisi

Hahaha huyo ni ndugu yangu kabisa.

Chai Kavu

Waitaliano nao waliinunua hiyo hadithi wakaigeuza, Benvenuti al Sud ya 2010: mtu wa posta kutoka upande wa Milano anapelekwa kusini, Castellabate. Kwao wa kutisha ni wa kusini. Kwa hiyo dira haina kazi.

Ila mnaisifia mno. Nani aliona mwisho vizuri? Philippe anaipenda Bergues, familia yote imehamia, mtoto kazoea. Uhamisho wa Porquerolles, kisiwani kwenye jua, ukitoka, analia machozi. Na anaondoka! Hakukataa! Hata sisi tunalia siku ya kuagwa, tumeshapakia godoro kwenye fuso. Mtuambie hapa nani uhamisho ulitoka akabaki.

Nesi wa Zamu

Mimi bado nipo Liwale. Lakini uhamisho wenyewe haujawahi kutoka, nisijisifu.

Mwalimu wa Jua Kali

Niliondoka baada ya kuolewa, bwana ni wa Eldoret. Kikapu kiko jikoni kwa Mama, ameweka vitunguu. Bado anasema Lodwar ilinizeesha.

Chaki Mfukoni

Samahani kuingilia. Mwalimu wa msingi, nipo Sumbawanga Vijijini, natafuta wa kubadilishana naye kituo. Napendelea Arusha, Moshi au Dar. Maji yapo, nyumba ya mwalimu ipo, watu hawana shida. Aliye tayari aje inboksi.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, watu hawana shida, maji yapo, sasa unahama nini?

Chaki Mfukoni

Mke wangu hataki kuja. Anasema kuna radi.