Kiboksi cha tivii kinashika waifai lakini kinasema hakuna intaneti

Binti Mkunazini
Assalaam aleikum. Naomba msaada kabla sijanunua chengine. Nimemuwekea bibi kiboksi cha Android aangalie Makka moja kwa moja, maana sasa kutoka nje hawezi na hicho ndicho kinachomchangamsha. Nyumba yetu ya kizamani, hapa Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa. Ruta iko chini, bibi yuko juu. Kilikuwa kinafanya kazi, ila magharibi picha hukwamakwama. Tangu umeme ulipokatika juzi, waifai kinashika lakini kinaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Simu yangu humohumo chumbani inafungua kila kitu. Ruta nimezima nikawasha, wapi! Paswedi nimetia upya, vilevile.

Mtu wa Chake
Bando halijaisha?

Binti Mkunazini
Halijaisha kaka, simu inatumia waifai hiyohiyo.

Fundi Mwanakwerekwe
Waaleikum salaam dada. Usinunue kitu. Simu ikipata intaneti kwenye waifai ileile, basi laini na ruta ni nzima, tatizo limebaki kwenye kiboksi. Na kwa kuwa limeanza umeme ulipokatika, tazama tarehe yake. Viboksi vingi vya bei nafuu havina betri ya kutunza saa, umeme ukienda vinarudi nyuma: chengine kitakwambia ni 1970, chengine 2015. Sasa kila tovuti ina hati ya usalama, na hati hiyo ina siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Kiboksi kikiamini tuko 2015, hati ya leo kinaiona haijaanza, kinaikataa. Waifai ipo, lakini mlango haufunguki.

Ingia Mipangilio, Tarehe na Saa, zima ile ya kujirekebisha yenyewe, andika ya leo kwa mkono, kanda ya saa GMT+3. Kisha kiwashe upya kwa rimoti. Waya wa umeme usichomoe, ukichomoa saa inapotea tena. Kikishapata intaneti, rudishia ya kujirekebisha.

Kukwama magharibi ni jambo jengine. Kuta zenu nene zinameza mawimbi, hasa ya 5 GHz. Ruta ikitoa majina mawili ya waifai, kiunge kwenye la 2.4 GHz, hilo hupenya ukuta zaidi. Saa hizo na majirani nao wako hewani, kwa hivyo ingia mipangilio ya ruta ujaribu chaneli za waifai 1, 6 na 11, ubaki na isiyo na msongamano. Na kama umekificha nyuma ya tivii, kitoe ubavuni, bati la tivii linakiziba.

Binti Mkunazini
Kweli, kilikuwa kinasoma Januari 2015! Nimeweka ya leo, kimefunguka hapohapo. Ahsante sana fundi, Mungu akuzidishie. Kiko kwenye 2.4 na nimekitoa nyuma, lakini jioni bado kinasita. Niongeze kasi kwa kampuni?

Fundi Mwanakwerekwe
Usilipe bado. Picha ya HD inatosheka na megabiti 5 hivi kwa sekunde. Pima kasi kwa simu chini karibu na ruta, halafu juu kwa bibi. Chini ikiwa nyingi na juu kidogo, kilichobaki ni ukuta tu.

Mtu wa Chake
Kiboksi kikiwa na tundu la waya wa mtandao, vuta waya. Unakwenda hadi mita 100 bila tabu.

Fundi Mwanakwerekwe
Naam, hiyo ndiyo dawa yake. Upitishe ngazini, ukuta usiutoboe bila kuwauliza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Pima njia nzima kwa kamba, kona zote, kabla hujaenda dukani.