Mama mkwe kanipa kanga yenye jina hili baada ya mkate kuungua. Nifanyeje?

Binti_Ngamiani
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo.

Niko Tanga mjini, mwaka wa pili huu tangu niolewe, na tunaishi na mama mkwe. Si mkorofi, nisimsingizie. Tatizo ni langu: siwezi kupika bila kitabu. Nimezoea toka kwetu, sufuria kushoto, riwaya kulia, na lazima nisome kwa sauti, nisipojisikia sielewi. Mume wangu ana mzaha kwamba mchuzi wangu unaliwa kwa sura, sura ya kwanza chumvi, sura ya pili hakuna.

Ijumaa iliyopita mama alipata wageni kutoka Pangani. Nikaambiwa nipike mkate wa kumimina. Mchele niliuroweka tangu usiku, nikausaga na tui, nikatia hamira na iliki, ukaumuka mpaka ukawa unachungulia nje ya bakuli. Nikamimina, nikafunika, nikapandisha makaa juu ya mfuniko. Sasa kitabuni nilikuwa nimefika pale nahodha anarudi baada ya miaka saba, anabisha hodi kwake, na ndani kuna sauti ya mwanamume. Nikasema nimalize ukurasa huu tu.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Juu mweusi kama santuri, chini bado uji. Wageni walikula chapati za kununua kwa jirani. Mama hakusema neno. Alikuwa amekaa zake mkekani chini ya dirisha la jiko, anasuka ukili, na akaendelea kusuka.

Jumatatu katoka sokoni na doti ya kanga, ya manjano, ina korosho kwenye pindo, nzuri kweli. Nafungua nasoma jina: MSHIKA MBILI MOJA HUMPONYOKA. Akasema, "Hiyo yako mwanangu," akaingia ndani kuswali.

Nauliza: hili ni fumbo? Niivae mbele yake au niikunje? Na kusoma jikoni ndiyo niache? Mume wangu nikimuuliza anacheka tu.

Shoga_wa_Chumbageni
Fumbo hilo mwenzangu, na wala halikufichwa! Mwanamke wa pwani atagombaje kwa mdomo na maduka ya kanga yako wazi? Na wewe nenda kamtafutie lake. Mimi ningemletea ile ya JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, halafu nikafungua kitabu pale pale.

Mzee_wa_Mikanjuni
Mwanangu, huyo aliyetangulia atakutoa kwenye nyumba. Kanga ina pindo, mji na jina. Wewe umeruka pindo na mji ukakimbilia jina. Mimi nimekulia nyumba ya wanawake tisa, nimeziona vita za kanga. Mtu akitaka kukusema hakununulii, anaivaa mwenyewe, anapita mbele yako mara tatu kwenda kuchota maji ambayo hayahitaji. Huyu kakupa doti nzima, vipande viwili, kwa pesa yake. Tena juu ya mkate ulioungua! Ivae.

Shoga_wa_Chumbageni
Mzee wangu shikamoo, lakini kati ya majina yote yaliyoko sokoni akaliokota hilo hilo?

Mzee_wa_Mikanjuni
Marahaba. Hapo nakuachia.

Fundi_Baiskeli
Afadhali wako anaunguza kwa kitabu. Wangu ameunguza maharage akitazama simu, na nilipouliza nikaambiwa yale ni ya kukaanga.

Jiko_la_Raskazone
Dada, mambo ya kanga nawaachia wenyewe, mimi naongelea mkate. Kosa si kusoma tu. Ukiwa mweusi juu na mbichi chini maana yake makaa uliyapandisha mapema na moto wa chini ukaufia. Pasha sufuria na mafuta kwanza, umimine ikiwa ya moto, usikie sauti. Acha moto wa chini peke yake mpaka kingo zishike na vitobo vianze kutokea katikati. Hapo ndipo mfuniko na makaa juu, na ukae hapo hapo, ukichungulia kila baada ya dakika mbili tatu. Kipimo changu ni nusu kilo ya mchele, tui zito vikombe viwili, sukari kikombe kasorobo, hamira kijiko cha chai, iliki punje sita. Ukishaumuka usiukoroge kwa nguvu, utaua yale mapovu na utatoka mzito kama tofali.

Kusoma usiache, panga. Mimi pia msomaji. Riwaya naiweka siku ya maharage makavu au kisamvu, vile vya kuchemka na kuchemka, unakwenda sura mbili unarudi kuongeza maji. Chapati ni za mashairi: ubeti una mishororo minne, unausoma chapati ikiwa upande mmoja, ukifika kituo unageuza. Ukiona ubeti umekuwa mgumu, chapati itakuambia. Samaki wa kupaka hapana, usisome hata karatasi iliyofungia maandazi. Na bada ndiyo kabisa, ule ugali wa muhogo unataka mikono miwili na goti.

Fundi_Baiskeli
Na chai?

Jiko_la_Raskazone
Chai ni methali moja.

Mwalimu_Mstaafu
Mkoa huu huu, kule Vibambani karibu na Machui, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa ofisini, na hadi anafariki 1962 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya ishirini. Kazi mbili hizo, na hakuna iliyomponyoka. Binti wa Tanga asiombe radhi kwa kusoma.

Mama_Watatu
Mwalimu, kwa kusoma sawa asiombe. Ila mnazunguka zunguka na kanga, nazi, na mashairi, hakuna aliyemuuliza swali moja. Bibie, siku ile wageni walipoondoka, ulimwomba mama radhi? Wale walikuwa wageni wake, wametoka Pangani, na mkate ndio heshima yake mbele yao. Wewe umeandika hapa kila kitu mpaka rangi ya pindo, hilo sikuliona.

Binti_Ngamiani
Kusema kweli sikuomba. Niliona haya, nikajifanya nasugua sufuria.

Mama_Watatu
Basi anzia hapo. Kanga itajisema yenyewe.

Binti_Ngamiani
MREJESHO

Asanteni nyote. Leo nimeamka alfajiri nikapika mkate mwingine, kitabu nimekifungia kabatini. Umetoka na vitobo vyake, juu rangi ya asali, upande mmoja tu umeshika kidogo. Nikajifunga ile kanga, nikampelekea kipande na chai ya tangawizi, nikakaa chini. Nikasema, "Mama naomba radhi ya siku ile, nilikuaibisha mbele ya wageni." Akasema yamekwisha, mbona mkate hauko mbali na ule wa marehemu mama yake.

Nikaona nimalizie. "Na jina la kanga nimelisoma mama, nimelielewa."

"Linasemaje?"

Nikadhani ananitega. Kumbe miwani yake ilivunjika tangu Ramadhani na hakutaka kumsumbua mwanawe. Nikamsomea. Alicheka mpaka mkate ukampalia, nikakimbilia maji. "Mie nilipenda manjano yake tu," akasema, "lakini limekufika!" Shoga_wa_Chumbageni najua utasema wenye maduka huwasomea wateja majina, na mimi nimewaza hivyo hivyo. Sijamaliza kuamua. Kesho miwani tunaipeleka kwa fundi, hilo limeshapita.

Nilipoinuka kutoa vyombo akaniita tena. "Sasa yule nahodha, ile sauti ndani ilikuwa ya nani? Maana ulipounguza mkate ndipo ulipotuachia njiani."

Jioni napika maharage.