"Mbali na ndugu zenu, nani mwingine alikuja?"

Wakuu, nimetoka kikaoni dakika ishirini zilizopita na mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule mtathmini wa udhamini mnamjua. Miwani kwenye paji la uso, kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Simtaji, nusu yenu humu keshawalambisha sifuri.

Tamasha tumeliandaa miezi minane. Fomu yao ina kisanduku kinauliza ni wageni wangapi watalala zaidi ya usiku mmoja kwa sababu ya tukio letu TU. Nitajuaje? Nizunguke usiku nyumba za wageni nikigonga milango: hodi, samahani, umelala hapa kwa ajili ya tamasha au umechoka tu?

Siku yenyewe kaja saa mbili asubuhi. Tunaanza saa kumi jioni! Kanikuta mimi, fundi wa spika na viti mia tatu vitupu. Kapiga picha viti, kaondoka zake.

Leo hiyo picha kaitundika ukutani, mbele ya kamati na vikundi vingine sita vinavyosubiri zamu. Nikasema jioni watu walijaa, zaidi ya elfu mbili. Akaishusha miwani, akaniuliza taratibu kama anayemuuliza mtoto nani kakojoa kitandani: "Mbali na ndugu zenu, nani mwingine alikuja?"

NDUGU ZENU! Ndugu elfu mbili mimi? Ningekuwa nao ningetafuta mdhamini wa nini, si ningegombea ubunge?

Ukumbi mzima ukacheka. Hata dada aliyekuwa anagawa maji kacheka mpaka kamwagia mwenyekiti. Kalitamka "ndugu zenu" kwa kulivuta hivi, nduuugu.

Kiti Cha Mbele: Pole mkuu, nimecheka nimepitiliza kituo. Ila sema ukweli, shangazi yako alikuwepo?

Mwenye uzi: Alikuwepo. Shangazi MMOJA.

Kiti Cha Mbele: Kwa hiyo tumebakiza 1,999.

Nimestaafu Kamati: Nimewahi kukaa upande ule wa meza. Jamaa hana adabu, lakini swali ni lenyewe. Mkazi wa hapo hela yake angeitumia hapohapo hata bila tamasha lenu. Anayewapa maksi ni mgeni aliyefunga safari kwa sababu yenu, akalala, akalipa chumba. Halafu hao elfu mbili uliwahesabuje? Kuna Herbert Jacobs, alikuwa anafundisha uandishi wa habari chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, miaka ya 1960, dirisha lake linatazama uwanja wa maandamano. Akaona ahesabu kwa eneo: waliosimama kwa nafasi, mtu mmoja kila futi 10 za mraba, waliobanana, futi 4.5. Pima uwanja wako ugawanye.

Mwenye uzi: Mita 20 kwa 30.

Nimestaafu Kamati: Wakisimama kwa nafasi, kama 645. Wakibanana, 1,435.

Mwenye uzi: WALIBANANA.

Spika Mbovu: Zaidi ya elfu mbili imeshaporomoka na bado ni asubuhi 😂 Jioni tutabaki na shangazi.

Mwenye uzi: Chekeni tu. Nduuugu zenu. Nalisikia mpaka sasa.

Bango Kubwa: Wewe uliulizwa swali tu unatoa povu hivi? Sisi walitupa udhamini, hela ikaingia miezi mitano baada ya tamasha. Na sharti nembo yao iwe kubwa kuliko jina letu. Watu wakaja na vitambulisho, wakijua tunafungua akaunti za benki.

Msimu Mfu: Afadhali yenu. Mwaka wa kwanza tulipanga wakati wageni wamefurika. Wakatunyima: vyumba vilikuwa vimeshajaa, ninyi mmeleta nani? Tukasema sawa. Mwaka wa pili tukapeleka ule msimu wa kufukuza nzi. Wakatunyima: msimu huo nani atakuja? Sasa nauliza wenye akili humu, tamasha lifanyike mwezi wa kumi na tatu?

Bango Kubwa: Huo wa kumi na tatu ndio hela yetu iliingia.

Spika Mbovu: Samahani kutoka nje ya mada, hivyo viti mia tatu mlikodi wapi? Mimi niliyemwamini kaniletea vyenye miguu mitatu, mgeni rasmi kaanguka wakati wa dua.

Kiti Cha Mbele: Anavaa kofia nyekundu huyo?

Spika Mbovu: HUYOHUYO.

Msimu Mfu: Jamani wa kofia nyekundu ana turubai langu tangu mwaka juzi!

Mwenye uzi: Wakuu, na yangu je? Ndugu zenu?

Spika Mbovu: Subiri kwanza mkuu. Hilo turubai ni la bluu, limetoboka kona?

Msimu Mfu: Kona ya kulia. Liko wapi?