Naomba ushauri: impela ya mashine ya zamani ya boti

Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya boti ya farasi 15 aliyoiacha marehemu babu, ya miaka ya 1960, na natamani sana irudi baharini hapa Kilwa. Maji ya kupoza hayatoki. Nimefungua mguu wa mashine (sehemu ya chini inayozama majini) nikakuta mpira wa impela, yaani kigurudumu cha pampu kinachosukuma maji ya kupoza, umekakamaa, mapezi 2 kati ya 6 yamekatika, na vipande sivioni. Nahofia vimeziba bomba la kupandishia maji, mnavitoaje?

Impela ya aina yake sijapata. Je, ya mashine mpya yenye kipenyo, kimo na tundu la shafti sawa itafaa? Pia boliti moja ya kasha la pampu imeng'ang'ania kwa chumvi. Nipashe moto, au niloweke mafuta ya taa? Alumini imechoka, naogopa kuipasua.